Guangzhou Mwezi wa Septemba: Jilinde Wewe, Ulinde na Mzigo

Kila Agosti simu yangu haipoi. Wafanyabiashara wenzangu wa Kamukunji na Eastleigh, hapa Nairobi, wanataka kwenda Guangzhou, China, Septemba ili wawahi mzigo wa Krismasi, na swali ni lile lile: joto si litakuwa limepungua? Halijapungua. Kalenda ya jadi ya Wachina huanza kuhesabu vuli tarehe 7 au 8 Agosti, lakini Guangzhou iko karibu kabisa na Tropiki ya Kansa. Septemba mchana hufika nyuzi 32 hivi, na usiku hubaki kwenye 25.

Nyuzi 32 peke yake haitishi. Mtu wa Lodwar atakucheka ukiilalamikia. Kinachoumiza ni unyevu. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka, na hewa ya kule imeshiba maji, kwa hiyo linakutiririka mgongoni bila faida yoyote. Sisi wa Nairobi tunaishi karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Septemba kwetu ni kavu, na jua likizama unatafuta sweta. Fukuto lile hatulijui. Hata Wamombasa hulalamika wakifika, maana kwao walau kuna upepo wa bahari.

Kwa hiyo panga siku yako kwa kufuata hewa. Masoko ya nguo ya Shahe huamka kabla hapajapambazuka, nenda huko alfajiri. Saa za jua kali jifiche kwenye masoko yenye viyoyozi, kama yale ya mabegi ya Baiyun. Beba leso ya kujitanda au kijisweta chepesi, kwani ukitoka nje umelowa jasho na kuingia kwenye baridi ya mle ndani utatetemeka. Ukitoka tena, miwani inafunikwa na mvuke papo hapo, na kamera ya simu vilevile. Subiri kidogo kabla ya kupiga picha ya sampuli, la sivyo mteja wako Nairobi atauliza kwa nini begi jeusi limekuwa la kijivu.

Jinzi ziache nyumbani, ukizifua hazikauki. Vaa pamba nyepesi na viatu vilivyo wazi; raba zikilowa unarudi na fangasi vidoleni. Maji ya bomba hayanywewi bila kuchemshwa. Weka pia pakiti chache za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kwenye mkoba, maana chumvi inatoka na jasho. Na risiti zile za kuandikwa kwa mkono zitie kwenye mfuko wa plastiki siku hiyo hiyo, kabla wino haujatawanyika.

Kuna na tufani. Septemba bado ni msimu wake. Tufani ya Mangkhut ilipiga mkoa wa Guangdong tarehe 16 Septemba 2018, na Ragasa ikatua mkoa huo huo Septemba 2025. Tahadhari hutolewa kwa rangi, kuanzia nyeupe hadi nyekundu. Ikifika ya machungwa, nunua chakula, chaji simu, kaa hotelini. Ajenti akikwambia twende kiwandani mara moja tu, mwache aende peke yake. Usikate tiketi ya kurudi siku ile ile unayomaliza kazi. Acha nafasi ya siku mbili tatu, na tiketi iwe ya kubadilishika tarehe.

Sasa mzigo, ambao wengi huukumbuka kontena likishafunguliwa. Nimeona mabegi ya ngozi yakitolewa kwenye katoni hapa Kamukunji yakiwa na ukungu mweupe kwenye mishono na harufu ya shimo. Watu hudhani maji ya bahari yameingia. Mara nyingi maji yalipakiwa kule kule, ndani ya katoni zenyewe na mbao za kuwekea mzigo, zilizokaa ghalani zikinyonya unyevu. Njiani jua linalipasha kontena joto, unyevu unapanda, usiku bati la juu linapoa, na matone yanaanza kudondokea mzigo wako. Hivyo hivyo kwa wiki kadhaa hadi Mombasa.

Kabla hujalipa salio, nenda ghalani mwenyewe. Bonyeza kona ya katoni kwa kidole gumba: ikibonyea kama mkate, ikatae. Fungua moja ya katikati, si ile wanayokuchagulia. Dai vile vipakiti vya silika, chembe za kukausha unyevu, ndani ya kila begi na kila boksi la viatu, na mifuko mikubwa ya kunyonya unyevu itundikwe ndani ya kontena. Kagua kontena tupu: ingia, mwambie mtu afunge mlango, utafute mwanga unaopenya. Kama mnachangia kontena, muulize ajenti nani mwingine anapakia na anapakia nini. Na mvua ikinyesha, upakiaji usimame, hata wapakiaji wakinuna.

Watanuna kweli, kwa sababu kuanzia tarehe 1 Oktoba viwanda hufungwa karibu wiki nzima kwa sikukuu ya taifa. Mwisho wa Septemba kila mtu anataka mzigo wake uondoke, na hapo ndipo katoni mbichi hupita bila kuangaliwa. Ukiweza, maliza kabla ya tarehe 20. Kwa wa nguo, viatu na mabegi wasiokimbizana na Krismasi, mimi huwaambia wangoje awamu ya tatu ya maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya Guangzhou, ambayo miaka hii huanza tarehe 31 Oktoba. Wakati huo upepo mkavu wa kaskazini umeanza kushuka, na unatembea Guangzhou kama binadamu.

Mwavuli usibebe kutoka huku. Kule unauzwa kila kona, na huu wetu wa River Road ukikutana na upepo wa tufani utabaki na mpini tu.