Ukitoka kwa bendi, toka na nyimbo zako

Wiki hii msomaji mmoja wa Kayole amenitumia meseji, yeye ndiye anaandika nyimbo za bendi yao ya rock na sasa wamekosana, anauliza akienda solo atakula nini. Dada yangu, hiyo njia naijua na bado inaniuma. Bendi yetu karibu nyimbo zote niliandika mimi, lakini siku nilitoka hakuna hata mmoja alinipigia simu, wakaendelea kuimba maneno yangu huko Westlands na kushangiliwa kama yao.

Aliyenipa moyo ni Gene Clark. Watu wanajua The Byrds, bendi ya rock ya Marekani ya miaka ya sitini, yeye hawamjui, na mwanzoni ndiye alikuwa mwandishi wao mkuu! Mirabaha ya uandishi, yaani pesa mwandishi hulipwa wimbo wake ukiuzwa au ukichezwa, ikamfanya apate pesa kuliko wenzake, kinyongo kikaingia, tena alikuwa anaogopa kupanda ndege, akatoka 1966. Albamu yake ya kwanza ya solo ikatoka 1967, na kampuni hiyo hiyo ya rekodi, Columbia, ikatoa ya The Byrds karibu wakati mmoja, sasa nani angemsikia? 1974 akatoa No Other, nyimbo nane tu, zaidi ya dola 100,000 zilitumika na kampuni iliyoitoa, Asylum, ikaitupa tu hivyo bila kuitangaza, ikaishia namba 144 kwa chati ya Marekani. Hiyo albamu mimi huisikiliza usiku na nashindwa kuelewa vile watu waliipita. Alikufa 1991 akiwa na miaka 46, na ni 2019 ndio kampuni ya rekodi ya 4AD iliitoa No Other upya kwa heshima.

Lakini sikia hii. 1989 Tom Petty, mwanamuziki wa rock wa Marekani, aliimba upya wimbo ambao Clark aliandika akiwa The Byrds, albamu ikauza mamilioni, na pesa ya mwandishi ikamfuata Clark kwa sababu jina lake lilikuwa pale.

Mimi pia nimeanza kuona matunda, mwezi uliopita wimbo wangu ulichezwa redioni nikiwa kwa matatu ya Rongai na dereva akaongeza sauti, sikumwambia mtu ni mimi lakini nilijivunia sana.

Kwa hivyo usitoke kwa hasira. Andika, andika tena, na kabla uwaambie unaenda kaeni chini muweke kwa karatasi nani aliandika wimbo gani na asilimia ngapi, kila mtu asaini, halafu usajili zako KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya. Ukimaliza hiyo niandikie, tuongee habari ya kutafuta mpiga drams.