Nguvu Huondoka Mwisho: Kwa Mnaoanza Ngumi za Uzito wa Juu

Nawaandikia ninyi mnaoingia katika ngumi za uzito wa juu, mabondia na makocha wasaidizi, kuhusu jambo ambalo nimeliona likiharibu mapambano mengi kabla kengele ya kwanza haijalia. Bondia wa uzito huu hapandi ulingoni mara kwa mara. Anaweza kukaa miezi minane, hata mwaka na zaidi, akisubiri mkataba au akiuguza mkono. Anaporudi, anapiga begi la mazoezi kwa kishindo kilekile cha zamani, na kila aliyemo jimu anaamini kwamba yuko tayari. Hapo ndipo tunapodanganyika, kwa sababu nguvu ndiyo ya mwisho kuondoka.

Kinachotangulia kupotea ni kuwahi, yaani kuiona nafasi na ngumi ikafika kabla nafasi haijafungwa. Niliwahi kumwandaa bondia aliyekuwa amekaa nje karibu mwaka mzima, na kwenye pedi, zile ngao ndogo anazoshika kocha mikononi ili zipigwe, alikuwa anatisha. Tulipomwingiza ulingoni na mwenzake mwepesi kuliko yeye, raundi ya kwanza ilikwenda vizuri. Katika ya pili nikaona kwamba mkono wake wa kushoto, kila baada ya kurusha, unarudi kifuani badala ya shavuni, na wa kulia unatua kwenye glovu mahali ambapo punde tu palikuwa na kidevu. Katika ya tatu alikuwa ameegemea kamba, kinywa wazi, na hakuna aliyemsukuma.

Hata mabingwa wakubwa hawakusalimika. Muhammad Ali hakupigana tangu Machi 1967 hadi Oktoba 1970, kwa kuwa alifungiwa baada ya kukataa kuingia jeshini Marekani. Aliporudi alimmaliza Jerry Quarry katika raundi 3, akamsimamisha Oscar Bonavena katika raundi ya 15, yaani pambano likakatishwa kabla ya kwisha, na Machi 8, 1971 akakutana na Joe Frazier, ambaye alimwangusha katika raundi ya 15 na kumshinda kwa pointi. Mapambano yale mawili ya kwanza yalimsaidia, lakini miguu iliyokuwa ikimtoa hatarini haikuwa tena ile ya 1967. Wladimir Klitschko naye, akiwa na umri wa miaka 41, aliingia uwanja wa Wembley, London, Aprili 2017 kupigana na Anthony Joshua bila pambano hata moja kwa miezi 17. Alimwangusha Joshua katika raundi ya 6, kisha akasita kummalizia, na katika raundi ya 11 akasimamishwa yeye. Kwa maoni yangu, kule kusita ndiko kulikokuwa gharama ya kukaa nje. Tyson Fury alichagua njia ninayoipendekeza: baada ya zaidi ya miaka miwili na nusu nje, alipigana mapambano mawili mepesi mwaka 2018 kabla ya kwenda sare na Deontay Wilder mwezi Desemba.

Kuhusu mizani, naomba mnisikilize kwa makini, maana inadanganya pande zote mbili. Andy Ruiz alimshinda Joshua Juni 2019 akiwa na uzito wa pauni 268, akarudi kwenye marudiano ya Desemba akiwa na zaidi ya pauni 283, na kwa raundi 12 akawa anamfukuza Joshua bila kumfikia. Uzito ule kila mtu aliuona. Hatari zaidi ni ule unaopungua kwa njia isiyofaa. Ali alipokwenda kupigana na Larry Holmes Oktoba 1980, baada ya miaka miwili bila pambano, alikuwa amepungua mpaka akaonekana kijana, na watu wakasifu maandalizi yake. Kumbe alikuwa akitumia dawa ya tezi ya shingoni, na mwili haukuwa na chochote ndani. Kona yake, yaani kocha na wasaidizi wake, ilisimamisha pambano baada ya raundi 10. Kocha msaidizi akimwona bondia wake amekonda ghafla, asimsifu kabla ya kuuliza amekondaje, na daktari awepo wakati wa kuuliza.

Kwa hiyo, wakati wa kusubiri mkataba, sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako ulingoni, isikatizwe kabisa. Raundi chache nyepesi kila wiki, bila kuumizana, hulinda macho na kipimo cha umbali kuliko begi litakavyoweza. Kama mapumziko yamekuwa marefu, dai pambano la raundi 8 kabla ya lile kubwa, hata promota akinung'unika. Mimi mwenyewe sikubali tarehe yoyote mpaka nione, katika raundi ya mwisho ya sparingi, mkono wa kushoto unarudi shavuni bila mtu kuukumbusha.