Imani yangu inagongana na somo la falsafa ya sheria
Ndugu, umesema mhadhiri akifundisha kwamba sheria ni sheria hata ikiwa mbaya, unahisi unaisaliti imani yako. Nakuelewa, hilo liliwahi kuninyima usingizi.

Tenga maswali mawili: je, hii ni sheria? Je, nawajibika kuitii? H.L.A. Hart, mwanafalsafa wa sheria wa Uingereza, mwaka 1958 aliyatenganisha makusudi, ili mtu aweze kukiri kuwa jambo ni sheria na bado aseme ni ovu mno kutiiwa. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikristo wa karne ya 13, naye alifundisha kuwa sheria dhalimu haifungi dhamiri, ingawa pengine mtu huitii kuepusha vurugu. Wasome wote wawili, kalamu mkononi.

Kwenye mtihani jenga hoja, usihubiri. Ukija kuagizwa kazini kutenda kinyume cha dhamiri, muone wakili kabla hujakataa.