Jumamosi usipige hata fremu moja: rekodi sauti kwanza

Usiguse kamera Jumamosi. Nimeusoma uzi wako kuhusu filamu ya vikaragosi vya LEGO mara mbili, na kilichonikosesha usingizi si yale maswali manne uliyoyapanga vizuri, bali ni ile sentensi uliyoidondosha mwishoni kana kwamba ni jambo dogo: "Mandhari ya hekalu iko tayari, tunaanza kupiga picha Jumamosi, sauti tutaziweka baadaye kwa sababu binamu zangu wapo tu." Mimi pia nilikuwa na binamu waliokuwa wapo tu. Sentensi hiyo hiyo ilinila miezi kumi, ikanipotezea rafiki mmoja, na mpaka leo ninalo diski la kompyuta ambalo sithubutu kulifungua mbele ya watu.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajui tunazungumzia nini, mwenzetu anataka kutengeneza filamu ya dakika 40, ya kupiga picha moja moja (stopmosheni) kwa vikaragosi vya LEGO, inayosimulia hadithi ya LEGO Universe, ule mchezo wa mtandaoni uliofunguliwa Oktoba 2010 na kufungwa mwishoni mwa Januari 2012. Niliucheza nikiwa Leicester kwa mjomba, na ninaelewa kabisa kwa nini mtu aliyelelewa na mchezo huo bado anauota. Hadithi yake ni tamu: wasafiri wanne wanafika sayari ya Crux kutafuta kiini cha mwisho cha ubunifu safi, mmoja wao, Baron Typhonus, anaingiwa na tamaa, kiini kinachafuka na kuzaa Maelstrom, nguvu ya giza inayoharibu kila inachokigusa, sayari inapasuka vipande vipande, na watu wanabaki kuishi juu ya vipande vinavyoelea angani. Kisha kampuni ikazima seva, na dunia nzima ile ikatoweka usiku mmoja. Nani asingetaka kuirudisha kwa mikono yake? Mimi nilitaka, na tena sikutaka kidogo. Nilitaka dakika 45, yaani tano zaidi ya zako, kwa hiyo usidhani ninakucheka.

Mambo yalikwenda hivi. Mwaka 2018 niliandika hadithi yangu kwa Kiingereza, kwa sababu mchezo wenyewe niliujua kwa Kiingereza, nikakaa na saa ya kusimamisha, nikaisoma kila sentensi kimyakimya kichwani na kuandika pembeni idadi ya sekunde. Nilichagua fremu 15 kwa sekunde, na hilo, kwa kuwa umeuliza, ndilo chaguo langu hadi leo kwa matofali, kwa sababu dakika moja inakuwa picha 900 badala ya 1,440 ambazo ungezihitaji kwa fremu 24. Nikaanza kupiga Machi. Kufika Krismasi nilikuwa na dakika 14, yaani fremu 12,600, zote zimepigwa usiku baada ya kazi, pazia limefungwa, taa mbili za mezani zimebandikwa kwa gundi ya karatasi ili zisisogee, na vikaragosi vimekanyaga ule ulimbo wa bluu wa kubandikia mabango ukutani ili visianguke. Nilijiona fundi. Nilimwonyesha mama kwa simu ya video, akaniuliza kama nimeshakula.

Wakati huo huo nikapata wazo lililonipendeza kupita kiasi: filamu iwe ya Kiswahili. Binamu yangu wa Tanga angekuwa Duke Exeter, mwingine kati ya wale wasafiri wanne, mwingine aliyeko Muscat angekuwa Baron, na dada yao angesimulia. Nikaitafsiri hadithi, nikawatumia, wakarekodi kwa bidii na kwa upendo, na jioni moja ya Januari nikaketi kuweka sauti juu ya picha.

Sentensi ya kwanza ya Duke nilikuwa nimeipa sekunde tatu. Binamu yangu aliisema kwa sekunde saba. Hakuwa anavuta maneno. Ndivyo mtu mzima anavyosema anapomkanya rafiki yake asiiangamize sayari. Kwenye picha, Duke alifunga mdomo, akageuka, akatembea hatua nne kuelekea ngazi, akatoka nje ya fremu, na sauti yake ikabaki peke yake hekaluni ikiendelea kumwonya Baron ambaye naye alikuwa ameshajibu.

Elewa kwa nini hilo halirekebishiki. Kwenye filamu ya watu, ukigundua kosa unawaita waigizaji, mnarudia. Kwenye maigizo ya redio unakata. Kwenye stopmosheni huna kitu cha kukata wala mtu wa kumwita. Nilijaribu kurudia fremu ili Duke asimame zaidi, akawa kama mtu aliyepigwa na bumbuwazi. Nilijaribu kuiharakisha sauti, binamu yangu akageuka sungura. Nikaamua kupiga upya tukio lile peke yake, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hekalu halikuwepo tena. Nilikuwa nimelibomoa mwezi Mei, kwa sababu matofali ya kahawia nilikuwa nayo ya kutosha jengo moja tu, na yote yalikuwa yameshakuwa miti ya Gnarled Forest, msitu wa kwenye mchezo ule. Matofali yenyewe nilikuwa nimeyanunua kwa kilo kwenye minada ya Jumapili, yamechanganyika na vipande vya wanasesere na sarafu za nchi nisizozijua. Nililijenga hekalu tena kwa kuangalia picha zangu mwenyewe. Lilifanana na la kwanza kama shemeji anavyofanana na ndugu: unaona uhusiano, lakini huwezi kuwachanganya. Taa zilikuwa zimehama, kamera ilikuwa juu kidogo, na kila nilipounganisha fremu mpya na za zamani, ukuta mzima uliruka.

Katika fremu 12,600, zilizosalimika ni 2,400, yaani dakika 2 na sekunde 40, na zote ni mapigano ambayo hakuna mtu anayesema neno. Nyingine 10,200 ndizo zimo kwenye lile diski.

Sasa niseme kuhusu aliyenipotosha, kwa sababu naona kuna watu wawili hapa juu ambao wameshaanza kukupa ushauri ule ule. Palikuwa na bwana mmoja kwenye jukwaa lingine, anaheshimika, kila mtu anamwita mwalimu. Nilimwuliza waziwazi kama nianze na sauti au picha, akanijibu kwa lile neno lake alilokuwa akilirudia kila mahali: picha ndiyo mwili, sauti ni nguo, na hakuna anayeshona nguo kabla mtoto hajazaliwa. Jinsi lilivyokaa vizuri masikioni! Nililiandika kwenye karatasi nikalibandika juu ya meza. Baada ya msiba wangu ndipo nilipokwenda kutazama kazi zake zote, jambo ambalo mwenye akili angelifanya kwanza. Zilikuwa saba, ndefu kuliko zote ina dakika mbili na nusu, na hakuna hata moja ambayo kikaragosi anafungua mdomo kusema. Nilikuwa nimemwuliza njia ya kwenda Kigoma mtu ambaye hajawahi kuvuka Chalinze, naye kwa ukarimu wake akanielekeza. Nilipomwandikia, alinijibu kwamba tatizo langu lilikuwa subira. Subira! Mtu aliyepiga fremu 12,600 kwa vidole vyake anaambiwa hana subira.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na ningekuwa na uwezo ningeipaka rangi kwenye mlango wa chumba chako: usipige fremu hata moja kabla filamu nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, haijasikika. Nzima, siyo tukio la kwanza. Wanaozifanya kazi hizi kwa kulipwa hurekodi sauti kwanza, kisha hutengeneza animatiki, yaani michoro ya kila tukio iliyopangwa juu ya sauti kwa urefu wake halisi. Michoro iwe mibaya kiasi chochote. Yangu ya mara ya pili ilikuwa vijiti vyenye vichwa, na Baron nilimtambulisha kwa ndevu. Ukiitazama animatiki hiyo kwa dakika 40 zote bila kusimama, utagundua mambo mawili ambayo hakuna rafiki atakayekuambia, kwamba tukio la hekalu ni refu mno, na kwamba filamu yako si ya dakika 40. Yangu ilikuwa ya dakika 11. Iliniuma kwa siku moja, badala ya miezi kumi.

Kurekodi kwenyewe hakuhitaji studio. Waambie binamu zako waingie ndani ya kabati la nguo au wajifunike blanketi, wasimamishe feni, wasogeze simu kiasi cha shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, na watumie programu ya kurekodi iliyo ndani ya simu. Wasikutumie kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa sababu unabanwa na kukwaruza. Wakutumie kama faili. Kila sentensi waiseme mara tatu, na ile ya tatu waiseme kwa hasira hata kama haihitaji hasira, kwa sababu nusu ya sauti nilizozitumia hatimaye zilitoka kwenye hiyo ya tatu.

Kisha kuna jambo ambalo huyo mwalimu asingeweza kukuambia hata angetaka, kwa kuwa vikaragosi vyake havijawahi kusema: midomo ya Kiswahili haihesabiwi kama ya Kiingereza. Karibu kila silabi yetu inaishia na irabu, kwa hiyo mdomo wa kikaragosi unafunguka kila mara na macho ya mtazamaji yanauona. Nilipima sauti ya binamu yangu fremu kwa fremu, nikakuta kwamba kwa fremu 15 kwa sekunde, silabi moja ya mazungumzo ya kawaida inachukua fremu mbili hivi, isipokuwa ile ya pili kutoka mwisho, inayobeba mkazo, ambayo inachukua tatu. "Usikiguse!" ni fremu 11: mbili, mbili, mbili, tatu kwenye "gu", na mbili za kumalizia. Mimi nilikuwa na vichwa vinne vya Duke: mdomo uliofumba kwa m, b na p, uliofunguka kwa a, wa mviringo kwa o na u, na uliotanuka kwa e na i. Ukimfanya Baron aseme "mpumbavu" bila kufumba mdomo mara mbili, mtoto wa miaka sita atakuambia anadanganya, hata kama hawezi kueleza kwa nini. Hayo yote unayaandika kwenye jedwali, fremu upande mmoja na kichwa upande mwingine, na usiku wa kupiga picha hufikirii tena. Unasoma mstari, unabadilisha kichwa, unabonyeza. Jaribu kufanya hivyo kwa sauti ambayo bado haijasemwa. Ndicho nilichokifanya mimi: nilibuni silabi za maneno ambayo baadaye yalibadilika hata lugha.

Kuhusu swali lako kama LEGO wanaweza kukushtaki, usihangaike kupita kiasi, lakini usijifanye hujui. LEGO wana mwongozo wao kwa mashabiki, usome wote, usiweke nembo yao kwenye jina la filamu, na useme waziwazi kwamba hawakuifadhili wala kuiidhinisha. Usiiuze. Basi. Na kama unataka kuiona tena ile dunia yenyewe ili upime umbo la hekalu, wapo mashabiki walioandika upya programu ya seva na kuiweka wazi mwaka 2021 kwa jina la Darkflame Universe. Mimi mwaka 2018 nilikuwa natumia video za watu zenye ukungu, kwa hiyo katika hilo umezaliwa kwa bahati.

Rafiki niliyesema nilimpoteza ndiye aliyekuwa akisogeza vikaragosi nami kila Ijumaa kwa miezi yote hiyo. Nilipomwambia tunaanza upya, alinisaidia kupanga matofali kwenye masanduku kwa rangi, akanywa chai yake akamaliza, na hakurudi tena. Simlaumu hata kidogo. Wewe umeandika kwamba unao watatu wa namna hiyo, na wote wana mitihani mwezi Novemba.

Umebandika pia ukurasa wa kwanza wa hadithi yako, na Baron anasema: "Ninyi mlikuja kukitafuta kiini, mimi nimekuja kukichukua, na hakuna atakayenizuia." Ni sentensi nzuri kuliko yoyote niliyomwandikia Baron wangu. Pembeni umeandika sekunde tatu, yaani fremu 45. Nimehesabu silabi zake, ni 37, ambazo kwa mwendo wa kawaida tu zinakula fremu 74 kabla hujaongeza mkazo wala pumzi. Nimeinuka nikaisema kwa sauti hapa jikoni kama mtu anayekusudia kweli kuchukua kitu, nikapata sekunde saba na nusu, na hapo sijacheka kile kicheko ulichomwekea mwishoni.