Maswali na Majibu: Leza Ndogo na Matone Machache

SWALI: Nina mirija ya kapilari, ile ya maabara ya kupimia wingi wa damu, na diodi ya leza nyekundu ya nanomita 650. Nimesoma kwamba leza yenyewe inaweza kupima kasi ya kimiminika kinachopita mrijani bila kihisi kingine. Nimejaribu na sioni ishara yoyote. Nakosea wapi? (Mwanafunzi wa ufundi, Arusha)

JIBU: Anza kuishuku saketi inayoendesha leza. Ndani ya kikopo chake, nyuma ya chipu, mna fotodiodi (kijisehemu kinachogeuza mwanga kuwa mkondo), na saketi nyingi huitumia kuzuia mwanga usipande wala kushuka. Kumbe huko kupanda na kushuka ndiko unakokutafuta! Chembe zinazosafiri katika kimiminika hurudisha mwanga kidogo ndani ya leza. Mwanga huo umeshabadilika masafa, unachanganyika na ule unaozaliwa humo, na nguvu ya leza inayumba. Saketi ikiona hivyo inasawazisha, na ishara inapotea.

Weka LM317 (chipu ya kudhibiti volti) kama chanzo cha mkondo usiobadilika: kati ya mguu wa kutolea na ule wa kurekebishia unganisha rezista ya omu 39 mfululizo na ya kuzungusha ya omu 100. Mkondo hautazidi miliampia 32. Hakikisha leza yako inauhimili. Upandishe polepole hadi mwanga ung'ae ghafla, kisha ongeza miliampia 1 au 2 tu. Hapo karibu na kizingiti ndipo yumbo linapoonekana vizuri zaidi. Tumia betri ya volti 9, maana chaja huingiza mvumo wa hezi 50. Miguu ya leza izungushie waya mwembamba mpaka umalize kulehemu, kwani umeme tuli wa vidole unatosha kuiua. Mpangilio wa miguu hutofautiana, kwa hiyo soma karatasi ya mtengenezaji kwanza.

Fotodiodi iende kwenye TL072 (chipu ya kukuza ishara) yenye rezista ya kiloomu 10 ya kugeuza mkondo kuwa volti, kisha kapasita ya nanofaradi 100, kisha kuza mara 100 na uingize kwenye tundu la sauti la kompyuta. Programu ya Audacity itakuonyesha masafa. Kabla ya kugusa kimiminika, sogeza karatasi nyeupe iliyoinama mbele ya leza. Usiposikia mlio, tatizo bado liko kwenye saketi.

Sasa mrija. Ukiupiga wima kabisa, kioo kinarudisha mwanga mwingi mno, na mwendo wa kimiminika hauonekani. Inamisha leza digrii 10 kuelekea urefu wa mrija na ukusanye mwanga katikati yake. Masafa ni mara 2 ya kasi, zidisha kwa sine ya pembe hiyo, gawa kwa urefu wa wimbi. Kasi ya milimita 10 kwa sekunde hutoa takriban hezi 5,300, sauti ya kawaida tu. Usihangaike na kupinda kwa mwanga kwenye kioo na maji. Katika hesabu hii kunajifuta.

Maji matupu hayatoi kitu kwa sababu hayana chembe. Tia maziwa sehemu 1 kwa maji 50. Usitarajie ncha moja kali: utaona mteremko, na ukingo wake wa juu ndio kasi ya katikati ya mrija, ambayo ni mara 2 ya wastani. Maziwa yakiwa mazito, mwanga unagongana mara nyingi na ukingo unafifia. Mrija wa kipenyo cha milimita 1.1 ukijaa hubeba kama mikrolita 70. Kwa wastani wa milimita 5 kwa sekunde zinakwisha ndani ya sekunde 15 hivi. Rekodi kwanza, chambua baadaye. Na usitazame mwale, hata unaorudi kutoka kwenye kioo.

SWALI: Je, naweza kupima sukari kwa leza hiyo hiyo? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Ndiyo, ila badala ya mrija tumia kijichumba bapa cha kioo chenye nafasi ya milimita 1, na kioo cha kujitazamia nyuma yake. Sukari ikiongezeka kwa asilimia 1, ishara hupanda na kushuka kama mara 4. Lazima uhesabu bila kukatiza huku myeyusho ukichukua nafasi ya maji taratibu; kiputo kimoja cha hewa kinaharibu hesabu yote. Joto nalo linadanganya: maji yakipata moto kwa digrii 3 hivi, hesabu inasogea mara 1 bila sukari yoyote. Weka kipimajoto pembeni ya kijichumba na uandike joto kila mara unapoandika hesabu.