Leseni gani ya urubani itaniwezesha kuruka popote duniani?

SWALI: Shikamoo kapteni. Niko Mafinga, nimemaliza form six PCM. Baba ana shamba la miti, amesema yuko tayari kuvuna auze mbao anisomeshe urubani. Wengine wananiambia nichukue FAA ya Marekani maana ni haraka, wengine EASA ya Ulaya ndo inaheshimika, mjomba anasema Sauzi inatosha. Ipi itanifanya nirushe ndege nchi yoyote?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza mwambie mzee asikate mti hata mmoja, ntakwambia kwa nini.

Leseni ya nchi yoyote haipo. Siku ukienda Songwe kumsindikiza mtu, angalia ndege inavyogeuka, kwa nyuma kule utaona imeandikwa 5H na herufi tatu. Hiyo 5H ndo Tanzania. Mkataba wa Chicago wa 1944 unasema rubani wa safari za kimataifa leseni yake iwe imetolewa au imekubaliwa na nchi iliyosajili ndege, kwa hiyo hata uje na FAA yako safi kabisa, ile 5H huigusi mpaka TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, wakubali. Na huko nje ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo jiulize, ntaruhusiwa kufanya kazi wapi? Watu wengi wanachanganya leseni na kibali cha kazi, kijana anarudi na EASA mkononi anadhani Ulaya imefunguka, kumbe mashirika mengi kule yanataka uwe tayari na haki ya kuishi na kufanya kazi huko, ambayo wewe wa Mafinga huna. Ugumu wa EASA nao si wa kuchezea, nadharia ya ATPL, leseni ya juu kabisa ya urubani, ni masomo 13 na kila moja lazima upate asilimia 75. FAA nadharia yake ni nyepesi zaidi, CPL, yaani leseni ya rubani wa kulipwa, wanataka masaa 250 ya kuruka kwa njia ya kawaida, ila siku ukitaka kuihamishia Ulaya yale masomo 13 unayakuta yanakusubiri yote. Na Uingereza tangu mwisho wa 2020 iko kivyake, leseni yake si EASA tena, usije ukauziwa kama kitu kimoja.

Halafu kuna shimo ambalo wauza shule hawalitaji. CPL unaipata na masaa kama 200 hivi, ATPL ya ukapteni wa ndege kubwa inataka 1,500 na uwe na miaka 21. Hayo 1,300 katikati utayapata wapi? Sisi wengi tumeyapata hapa hapa nyumbani kwenye Caravan, ndege ndogo ya injini moja, unabeba watalii unatua Msembe kule Ruaha, vumbi, joto, swala kakatiza uwanjani unapaa tena unazunguka. Ile ndo shule yenyewe. Logibuku, lile daftari la masaa yako ya kuruka, ikishajaa, mashirika ya Ghuba na kwingine yanayochukua wageni yanaangalia masaa yako na aina ya ndege ulizorusha, leseni ya nchi nyingine mwanachama wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wana utaratibu wa kuibadili.

Mimi ningekuwa wewe ningelenga leseni ya TCAA, na kama shule iko Sauzi au Marekani, basi uwaulize TCAA kwa maandishi KABLA ya kulipa, shule hiyo wanaitambua? Kubadili kunahitaji mitihani gani? Na usitoke huko bila IR, yaani kuruka kwa vyombo tu bila kuona nje, na kibali cha ndege za injini mbili.

Sasa ile miti. Nilisoma na jamaa mmoja, familia iliuza kiwanja, ada ikalipwa yote mwanzoni, ndipo akaenda medikali daraja la kwanza, kile kipimo cha afya cha marubani. Wakamfungulia kitabu cha madoadoa ya rangi, sisi tunasoma namba, yeye anaona madoa tu, na vipimo vya ziada navyo vikamkataa. Shule haikurudisha hata senti. Yule kijana alikuwa na akili kunizidi, mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo nauli ya kwenda kwa daktari anayetambuliwa na TCAA ndo matumizi ya kwanza, kabla ya ada, kabla ya paspoti. Ukishapata cheti cha medikali niandikie, tutapiga hesabu pamoja na mzee, tena tutapanga ada ilipwe kwa awamu ili miti mingine ibaki imesimama.