Mama Dalali Anajibu: Umeshataja Bei, Karatasi Je?

*Maswali ya wasomaji kuhusu kuuza nyumba, viwanja na mashamba, yanajibiwa na dalali wa Moshi mjini.*

Habari za kazi, dalali. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina nyumba ya vyumba vitatu Msaranga. Tangu Pasaka naiuza. Madalali wanne wanaleta watu, watu wanaangalia, wanaondoka na hawarudi. Nataka milioni 120 kwa sababu ndizo nilizotumia kujenga. Nikiweka madirisha ya aluminiamu itauzika? – Mwalimu, Msaranga

Shikamoo Mwalimu. Fedha ya aluminiamu iache kwanza benki.

Tuanze na hao wanne. Wewe umewaambia 120. Mmoja anaitangaza 125, mwingine 130, na yupo aliyeweka cha juu, yaani nyongeza ya mfukoni mwake, mpaka 140. Moshi hii ni ndogo. Mnunuzi akisikia nyumba moja ina bei tatu, anajua bei yako halisi iko chini ya zote, basi anakaa anasubiri uchoke. Chagua dalali mmoja, muandikishane kamisheni yake ni asilimia ngapi (wengi tunaanzia kumi, ukikaza tunashuka hadi tano), na muandike kabisa kwamba cha juu hakuna. Najua wenzangu wa kijiweni watanuna wakisoma hapa.

Halafu hiyo 120. Ulichotumia kujenga ni hesabu yako na fundi wako, mnunuzi haimhusu. Yeye anauliza nyumba ya jirani iliuzwa ngapi. Nasema iliuzwa, siyo ilitangazwa. Kama huna pa kuulizia, mtafute mthamini aliyesajiliwa. Ripoti ya uthamini utakuja kutakiwa uwe nayo wakati wa kuhamisha hati, kwa hiyo si fedha ya kutupa.

Wanaondoka kwa nini? Wiki iliyopita nilimpeleka mtu nyumba moja hapo Rau. Mwenye nyumba alikuwa amepaka rangi upya, sebule inanukia rangi. Mteja hakuangalia ukuta hata kidogo. Alienda jikoni, akafungua bomba, akaliacha litiririke huku anatazama saa. Akatoka nje kugonga simtanki kusikia lina maji kiasi gani. Akaisoma mita ya LUKU, akauliza imesajiliwa kwa jina la nani. Aliporudi ndani akainua macho kwenye pembe ya silingi bodi, na pale palikuwa na doa la kahawia limechungulia chini ya rangi mpya. Tukaagana getini.

Doa la maji ukilipaka rangi kabla ya kuziba bati linarudi, na likirudi linamwambia mnunuzi mambo mawili: paa linavuja, na mwenye nyumba anaficha. Mwite fundi wa bati azibe kabla ya masika, ubadilishe ubao ule, ndipo upake. Bei ya dirisha moja la aluminiamu inatosha kazi yote hiyo.

Shikamoo mama. Baba yetu alifariki mwaka 2016. Mama yupo, na ndiye anayeishi kwenye nyumba hapa Soweto. Tumezaliwa wanne. Hati ina jina la baba. Kaka mkubwa yuko Dar, amepata mnunuzi wa milioni 85 taslimu na ameshapokea arabuni ya milioni 10. Anasema mkataba tuuandikie serikali ya mtaa, na tuandike milioni 40 ili kodi ipungue. Mwenyekiti anataka asilimia kumi yake. Nimeambiwa nisaini wiki ijayo. – Binti wa Soweto, Moshi

Marahaba mwanangu. Usisaini.

Muuzaji kwenye hati yenu ni marehemu, na marehemu hauzi. Kaka yako kuwa mkubwa hakumfanyi kuwa mwenye nyumba wala msimamizi wa mirathi. Fanyeni kikao cha familia na ukoo, muandike muhtasari, mpendekeze msimamizi, kisha mfungue shauri la mirathi mahakamani. Mahakama itatangaza, mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo itamteua msimamizi. Akiteuliwa, anapeleka barua za usimamizi kwa Msajili wa Hati ili jina lake liingie kwenye hati kama msimamizi. Kuanzia hapo ndipo kuna mtu wa kuuza. Inachukua miezi, ndiyo. Mnunuzi wa kweli atasubiri, na asiyeweza kusubiri mirathi ana haraka ambayo mimi huwa siipendi.

Kwenye kikao hicho swali la kwanza liwe: mama atalala wapi? Umeniandikia habari za kaka, mnunuzi na mwenyekiti, mama umempitia kwa sentensi moja. Yeye si shahidi wa mauzo yenu, ni mrithi, na huenda jasho lake limo kwenye kuta hizo. (Na nyie ambao wazee wenu wote wawili wapo hai: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Mama asiposaini, msinipigie.)

Sasa hiyo milioni 40. Mbali na kwamba ni udanganyifu, haifanyi kazi. Serikali haiishii kwenye namba mliyoandika, inaangalia thamani ya mthamini iliyopitishwa. Na kibaya zaidi ni hiki: mnunuzi akilipa 40 akanyamaza, mtamdai 45 kwa karatasi gani? Mkataba mliousaini wenyewe unasema amemaliza. Nimeona familia ikikaa Baraza la Ardhi na Nyumba ikiapa kwamba mkataba wake yenyewe ni wa uongo. Hata anayewaonea huruma hana pa kuwashikia.

Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuthibitisha kwamba anawafahamu. Hahamishi hati, na hakuna sheria inayompa asilimia kumi ya nyumba ya baba yenu. Mkitaka kumpa soda, hilo ni lenu. Nyumba yenye hati inahama kwa mkataba na hati ya uhamisho zilizosainiwa mbele ya wakili, uthamini, kibali cha uhamisho, kodi za TRA, kisha usajili kwa Msajili wa Hati. Ushuru wa stempu, ambao ni kama asilimia moja, kwa kawaida analipa mnunuzi, lakini andikeni, maana kawaida haisomeki kwenye mkataba.

Wakati mnangoja mahakama, wewe binafsi nenda ofisi ya ardhi ukaombe upekuzi rasmi wa hati. Wazee wetu walikopa kimyakimya. Ukikuta kuna rehani ya benki, bora uikute wewe kabla ya wakili wa mnunuzi. Angalia na kodi ya pango la ardhi, kwa sababu tangu baba afariki sidhani kama kuna aliyekumbuka, na deni linalala na riba. Kodi ya jengo haikusumbui sana, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU.

Ile arabuni irudi, au iingizwe kwenye maandishi familia nzima ijue iko wapi. Hati halisi isitoke mikononi mwa mama, hata kwa anayesema anaenda kutoa kopi. Na kaka akishupaa, usihangaike kupaka ukutani NYUMBA HII HAIUZWI. Maandishi hayo mji umejaa na nyumba zinauzwa hivyohivyo. Mwone wakili aweke zuio kwa Msajili, hapo hati haitasogea.

Nina nyumba Moshono, Arusha. Nilinunua kiwanja 2012, nikajenga na kuhamia 2015. Kiwanja na ujenzi ni kama milioni 70. Nauza 95. TRA watachukua ngapi? – Baba wawili, Arusha

Faida yako ni milioni 25. Nyumba uliyoimiliki na kuishi mwenyewe miaka mitatu au zaidi ina msamaha, ila faida isizidi milioni 15, na wewe umevuka. Kwa mkaazi kodi ni asilimia 10 ya faida, yaani milioni 2.5. Huna kumbukumbu za gharama? Basi ni asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyopitishwa, ile iliyo kubwa. Kwa 95 ni 2,850,000. Kwa hiyo zile risiti za nondo na saruji zilizo kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati zina thamani ya shilingi 350,000. Panda ukazishushe.

Nauza eneo na nyumba Kibosho. Kaburi la bibi lipo uani, nyuma ya migomba. Nimwambie mnunuzi au nimwache alione mwenyewe? – Mjukuu

Mwambie kwenye simu, kabla hajapanda gari kuja. Na kabla ya kumwambia yeye, waulize wazee, maana hicho ni kihamba, ardhi ya ukoo, na wa ukoo ndio wanaoulizwa kwanza kama kuna anayetaka kukinunua. Wakikubali kitoke nje, andikeni kwenye mkataba nani atalitunza kaburi na ndugu watapita njia ipi wakija Desemba. Wakikataa, mtafute binamu mwenye fedha. Mimi huko sileti mtu.